Picha zako mtandaoni: Jinsi ya kuzipakua na kuziweka akiba kabla hazijapotea

Mwenyekiti wa kwanza wa kikundi kimoja cha akina mama amefariki. Familia inamwomba katibu wa kikundi picha moja ya marehemu, ile aliyopigwa mwaka 2018 siku ya kuzindua tangi la maji, ili iwekwe kwenye jalada la kijitabu cha mazishi. Kijitabu kinapelekwa kwa mpiga chapa kesho asubuhi. Katibu anafungua simu na kurudi nyuma hadi mwaka huo. Picha hazipo. Anaingia kwenye akaunti yake ya mtandaoni, mahali alipoamini zimehifadhiwa. Huko pia hazipo.

Huu ni mfano wa kufundishia, lakini ni nani asiyemjua mtu aliyefikwa na jambo kama hilo? Wiki mbili kabla ya msiba, simu ya katibu ilikuwa imemwonya kwamba nafasi imejaa. Akachagua mamia ya picha za zamani ndani ya programu ya Google Photos, akazifuta, akiwa na imani kwamba nakala zake zimebaki "huko juu mtandaoni". Hakujua kwamba kwa kufuta pale alikuwa anafuta kote.

Somo hili linaeleza kosa lilikuwa wapi, jinsi ya kupakua picha zote kutoka kwenye akaunti ya mtandaoni, na jinsi ya kuhakikisha kwamba zimefika salama. Halihitaji utaalamu wa kompyuta. Linahitaji simu au kompyuta, flashi au diski ya nje, na subira ya siku moja au mbili.

Kulandanisha si kuweka akiba

Programu nyingi za picha hufanya kazi ya kulandanisha. Maana yake ni kwamba simu na akaunti ya mtandaoni hufanywa zifanane. Ukipiga picha kwa simu, inapanda kwenye akaunti. Ukifuta picha ndani ya programu hiyo, inaondoka kwenye simu na kwenye akaunti pia. Ni kama kioo: ukiondoka mbele yake, sura yako nayo inaondoka.

Nakala ya akiba ni kitu kingine. Ni nakala ya pili iliyo mahali pengine, ambayo haiguswi unapofuta ile ya kwanza, na ambayo wewe mwenyewe unaweza kuifungua bila kuomba ruhusa ya mtu. Mkulima hali mbegu zote za mahindi kwa sababu msimu huu ulikuwa mzuri. Huzitenga, akaziweka mahali pake. Picha nazo zinataka kutengwa.

Ndani ya Google Photos kuna vitufe viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kimoja ni cha kufuta, chenye alama ya pipa la taka. Hicho hufuta picha kwenye simu na kwenye akaunti. Kingine huitwa "Free up space". Hicho huondoa kwenye simu zile picha tu ambazo tayari zimepanda kwenye akaunti, na za akaunti hubaki. Katibu alitaka kazi ya kitufe cha pili, akabonyeza cha kwanza.

Hata hivyo, ukitumia kitufe cha pili, picha yako inabaki mahali pamoja tu: kwenye akaunti. Na akaunti ina masharti yake.

Kwa nini akaunti si sanduku lako

Akaunti ya bure ni nafasi uliyopewa katika nyumba ya mwenzako. Mwenye nyumba anaweza kubadilisha masharti, na amewahi kufanya hivyo mara nyingi.

Akaunti ya Google hutoa GB 15 bure. Nafasi hiyo hugawanywa kati ya baruapepe za Gmail, faili za Drive na picha za Google Photos. Kwa miaka kadhaa, picha zilizopunguzwa ukubwa hazikuhesabiwa katika nafasi hiyo. Tangu tarehe 1 Juni 2021, kila picha mpya inayopandishwa inahesabiwa. Hata nakala ya akiba ya WhatsApp kwenye simu za Android sasa inakula nafasi hiyo hiyo. Nafasi ikijaa, picha mpya hazipandi tena, na baruapepe hazitumwi wala hazipokelewi. Ukikaa miaka miwili ukiwa umevuka kiwango, Google inaweza kufuta vitu vilivyomo.

Kuna sharti jingine. Akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, pamoja na picha zake. Sharti hilo lilitangazwa mwaka 2023, na ufutaji ukaruhusiwa kuanza Desemba mwaka huo. Kwa upande wa Google Photos, kampuni hiyo imesema ni lazima mtu aingie kwenye huduma yenyewe ya picha walau mara moja kila miaka miwili. Wapo waliofungua akaunti kwa simu ya zamani, wakanunua simu nyingine, wakafungua akaunti mpya, na ile ya kwanza wakaisahau. Picha za watoto wakiwa wachanga mara nyingi zimo katika ile ya kwanza.

Mifano ya huduma nyingine inafundisha jambo hilo hilo. Mwaka 2013, Flickr iliwapa watumiaji wa bure nafasi kubwa ya terabaiti 1. Mwaka 2018, baada ya kununuliwa na kampuni ya SmugMug, ilitangaza kwamba akaunti ya bure haitazidi picha na video 1,000, na kwamba zilizozidi zingeanza kufutwa mwaka 2019, zile za zamani zikitangulia. Google+ nayo ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida tarehe 2 Aprili 2019. Na mwezi Machi mwaka huo huo, MySpace ilikiri kwamba picha, video na nyimbo zilizopandishwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena, kwa sababu ziliharibika wakati wa kuhamisha data.

Aliyekuwa na nakala yake nyumbani hakupoteza kitu. Asiyekuwa nayo hakuwa na la kufanya.

Kabla ya kuanza

Kwanza, hakikisha unaweza kuingia kwenye akaunti yako. Jaribu kuingia leo, si siku ya shida. Angalia nambari ya simu na baruapepe ya kurejesha akaunti. Ikiwa nambari iliyoandikwa humo ni ya laini uliyoacha kuitumia, ibadilishe mara moja. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine, na misimbo ya kurejesha akaunti ikamwendea yeye.

Pili, pima ukubwa wa mzigo. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna ukurasa wa nafasi unaoonyesha GB zilizotumiwa na picha. Tuseme una picha 4,000, na kila moja ina MB 3. Hizo ni MB 12,000, yaani takriban GB 12. Kwa mtandao wa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo utachukua karibu saa 2 na dakika 40 kushuka. Kwa bando la simu, gharama yake inaweza kuwa kubwa. Tafuta waifai ya kazini, ya maktaba, ya chuoni au ya saiba, na uulize bei kabla ya kuanza.

Tatu, tayarisha pa kuweka. Flashi ya GB 32 inatosha mzigo wa GB 12. Diski ya nje ni bora kwa familia au kikundi chenye picha na video nyingi. Kama unanunua flashi, nunua kwa muuzaji anayekubali kukurudishia pesa, kwani zipo flashi bandia zinazodai ukubwa zisiokuwa nao. Ijaze faili, uitoe, uirudishe, kisha ujaribu kufungua faili kadhaa kabla ya kuiamini.

Kupakua kutoka Google Photos, hatua kwa hatua

Ukitaka picha moja au chache, ifungue picha, gusa vidoti vitatu, kisha uchague "Download". Njia hiyo haifai kwa maelfu ya picha. Kwa mzigo wote, Google ina huduma iitwayo Takeout. Ni bora kutumia kompyuta.

1. Fungua takeout.google.com na uingie kwa akaunti yenye picha. Mwenye akaunti mbili ahakikishe ameingia katika ile anayoitaka.

2. Orodha ndefu ya huduma itatokea, zote zikiwa zimechaguliwa. Bofya "Deselect all" ili uziondoe zote, kisha teremka hadi Google Photos na uiwekee alama hiyo peke yake.

3. Chini ya Google Photos, unaweza kuchagua albamu zote au mwaka mmoja mmoja. Mwenye mtandao dhaifu aanze na mwaka mmoja. Akimaliza, aendelee na unaofuata.

4. Bofya hatua inayofuata. Chagua utumiwe kiungo kwa baruapepe, na uchukue nakala mara moja tu.

5. Chagua aina ya faili ya zip, na ukubwa wa GB 2. Kuna sababu ya kutochagua vifurushi vikubwa. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa zamani, FAT32, ambao haukubali faili moja inayofikia GB 4. Tena, mtandao ukikatika katikati, ni afadhali kurudia GB 2 kuliko GB 50.

6. Bofya "Create export", kisha subiri. Google hukusanya picha zako kwanza. Kazi hiyo huchukua dakika chache au hata siku kadhaa, kulingana na wingi wa picha. Unaweza kuzima kompyuta na kwenda zako.

7. Baruapepe ikifika, pakua vifurushi vyote. Usichelewe: viungo hivyo huisha muda baada ya takriban wiki moja. Vikiisha, itabidi uombe upya. Vihesabu vifurushi. Kama baruapepe inasema viko 6, uwe na 6.

8. Fungua vifurushi. Kwenye kompyuta ya Windows, bofya kifurushi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha "Extract All". Vyote vifungulie ndani ya folda moja.

Ndani utakuta folda za kila mwaka na folda za albamu ulizotengeneza. Picha iliyo kwenye albamu inaweza kuonekana mara mbili. Pia utakuta faili ndogo zenye mwisho wa json. Hizo si virusi wala takataka. Zimebeba tarehe, mahali na maelezo ya picha. Ziache hapo hapo.

Jambo moja la kuangalia: picha za albamu ambayo mtu mwingine amekushirikisha ni zake. Usitegemee kwamba zitakuja katika kifurushi chako. Zihifadhi kwanza kwenye akaunti yako, au umwombe mwenyewe apakue.

Simu za iPhone, Facebook na WhatsApp

Wenye iPhone hupewa na Apple GB 5 bure za iCloud. Nako hufanyika kulandanisha: ukifuta picha kwenye simu, inafutika iCloud pia, ingawa hukaa siku 30 katika folda ya zilizofutwa karibuni. Ukiwa umewasha sehemu ya kubana nafasi, simu yako inaweza kuwa na nakala ndogo tu, na picha kamili ziko iCloud. Kuomba nakala ya picha zote, ingia privacy.apple.com. Apple hujipa hadi siku saba kutayarisha.

Facebook ina sehemu ya kupakua maelezo yako. Ingia kwenye mipangilio, kisha kituo cha akaunti, kisha sehemu ya maelezo yako na ruhusa. Maneno kwenye skrini hubadilika mara kwa mara, lakini tafuta penye neno "Download" au "Export". Chagua picha na video, kipindi chote tangu ulipojiunga, ubora wa juu, na aina ya HTML, ambayo hufunguka kwa urahisi kwenye kompyuta. Faili ikiwa tayari utaarifiwa, nayo hudumu siku chache tu. Kumbuka kwamba Facebook hupunguza ukubwa wa picha inapopandishwa. Utakachopata ni kile ilichohifadhi, si picha ya awali ya kamera. Kwa hiyo, ikiwa ile ya awali ingalipo mahali fulani, itunze hiyo.

WhatsApp pia hubana picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida. Picha ya kikundi itakayochapishwa au kutumika kama ushahidi wa kazi itumwe kama dokumenti, ndipo ifike ilivyo. Na picha zilizo ndani ya kundi la WhatsApp zisihesabiwe kuwa zimehifadhiwa. Unganisha simu na kompyuta kwa waya, tafuta folda ya picha za WhatsApp na folda ya kamera iitwayo DCIM, kisha uzinakili zote kwenye diski.

Hakiki kabla ya kufuta chochote

Watu wengi wakishapakua hukimbilia kufuta ili simu ipate nafasi. Hapo ndipo picha nyingi hupotea. Fanya mambo manne kwanza.

Hesabu: idadi ya picha kwenye folda ya mwaka mmoja ikaribiane na idadi unayoiona kwenye akaunti kwa mwaka huo. Fungua: chagua picha kumi kutoka miaka mbalimbali, na video mbili, uzifungue kutoka kwenye flashi yenyewe. Hamisha: chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine uone kama inasomeka. Nakili: tengeneza nakala ya pili kwenye diski au flashi nyingine.

Baada ya hayo manne, unaweza kupunguza picha kwenye akaunti. Na ukikosea, usikate tamaa. Picha iliyofutwa Google Photos ikiwa ilishapandishwa hukaa katika pipa la taka kwa siku 60. Ambayo haikupandishwa hukaa siku 30. Fungua pipa, chagua picha, bofya "Restore". Lakini usilisafishe pipa, na usingoje siku zipite.

Hilo ndilo lililomwokoa katibu wetu. Kijana wa jirani alimwonyesha pipa. Picha za wiki mbili zilizopita zilikuwamo, na ile ya mwenyekiti akiwa ameshika mfereji wa tangi, akicheka, ilikuwamo pia. Ilifika kwa mpiga chapa asubuhi. Lakini katibu alikumbuka kwamba mwaka uliotangulia alikuwa amefuta nyingine kwa njia ile ile: picha za siku ya kuchimba msingi. Siku 60 zilikuwa zimepita zamani. Hizo hazikurudi.

Kanuni ya 3-2-1

Wapiga picha wana kanuni rahisi, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani.

Kwa familia ya kawaida, kanuni hiyo inaweza kuwa hivi. Nakala ya kwanza iko kwenye akaunti ya mtandaoni. Ya pili iko kwenye diski ya nje kabatini. Ya tatu iko kwenye flashi iliyo kwa dada au kaka anayeishi mji mwingine. Nyumba ikiungua au mafuriko yakiingia, diski ya kabatini itaangamia, lakini flashi ya dada ipo. Akaunti ikidukuliwa, diski ipo. Mwizi akiiba simu, vyote vipo.

Flashi haidumu milele, hasa ikikaa droo miaka bila kuchomekwa. Teua siku moja kila mwaka ya kuifungua na kuongeza picha mpya. Wengine hutumia tarehe 31 Machi, ambayo huadhimishwa duniani kama Siku ya Kuweka Nakala za Akiba. Nyingine hutumia likizo ya Desemba, familia ikiwa imekutana nyumbani.

Ukitumia kompyuta ya saiba

Tumia dirisha la faragha la kivinjari, na usikubali kompyuta ihifadhi neno lako la siri. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Nenda kwenye folda ya Downloads, futa vifurushi vyote ulivyopakua, kisha safisha pipa la kompyuta. Vifurushi hivyo vina picha za watoto wako, vitambulisho na hati za shamba. Usimwachie mhudumu neno lako la siri ili "akumalizie baadaye".

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Na kama mtu atakupigia simu akidai anakusaidia kurejesha picha, kisha akuombe msimbo uliotumwa kwenye simu yako, kata simu. Huyo anatafuta akaunti yako.

Vikundi, makanisa, misikiti na shule

Picha za kikundi zisikae katika akaunti ya mtu mmoja. Katibu akihama, akigombana na wenzake au akifariki, historia ya kikundi inaondoka naye. Picha hizo mara nyingi ndizo ushahidi wa kazi: tangi likijengwa, miche ikipandwa, mbuzi wakigawanywa. Mfadhili au benki ikiuliza, kikundi kinaonyesha nini?

Fungueni akaunti ya kikundi, si ya mtu. Viongozi wawili au zaidi wajue jinsi ya kuingia. Mweka hazina atunze diski pamoja na vitabu vya hesabu, na makabidhiano ya uongozi mpya yataje diski hiyo kwa jina. Picha za watoto zisisambazwe bila ridhaa ya wazazi au walezi.

Mtu binafsi naye apange mrithi. Google ina sehemu iitwayo Inactive Account Manager. Humo unachagua baada ya miezi mingapi ya ukimya, kuanzia 3 hadi 18, watu uliowataja waarifiwe na wapewe nafasi ya kupakua data uliyoruhusu. Unaweza kutaja hadi watu 10. Kazi yake ni ya dakika kumi, nayo inaweza kuwaepusha watoto wako na taabu ya miaka.

Sheria inasemaje

Kupakua picha zako si hisani ya kampuni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kufikia data yake binafsi iliyo mikononi mwa mwingine, kudai isahihishwe ikiwa ina makosa, na kudai ifutwe katika hali zilizotajwa. Kifungu cha 38 kinampa pia haki ya kupokea data yake katika muundo unaosomeka na kompyuta, ili aweze kuihamisha kwingine. Anayenyimwa haki hiyo anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Haki hiyo inawahusu pia wanaopiga picha zako: studio, shule au kampuni iliyo na picha yako. Na inakuhusu wewe unapobeba picha za wengine. Ukishazipakua, wewe ndiwe mlinzi wake.

Jipime

Jibu maswali haya ukiwa na familia au kikundi chako:

1. Simu yako ikiibiwa leo jioni, ni picha zipi zitapotea kabisa?
2. Nambari ya kurejesha akaunti yako bado iko mikononi mwako?
3. Nakala ya picha zako nje ya mtandao iko wapi, na ilifunguliwa lini mara ya mwisho?
4. Usipokuwepo, ni nani anayejua zilipo?

Kama swali la tatu halina jibu, anza hapo. Si lazima umalize kila kitu wiki hii. Chagua mwaka mmoja tu, wenye harusi, mtoto au marehemu usiyetaka kumsahau. Upakue, uuweke kwenye flashi, uufungue uhakikishe. Mwezi ujao chukua mwaka mwingine.